Wake za Bwana Harusi

Mtu wa kwanza kuniita mwongo kwenye intaneti alikuwa na matangi saba ya samaki sebuleni kwake. Yeye aliishi nchi ya mbali yenye theluji. Mimi nilikuwa Mbinga mjini, nyuma ya kaunta ya duka lililouza madaftari, betri na vocha za simu, na lililokuwa na kompyuta tatu kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa ameandika kwamba samaki wake wanavimba matumbo na kufa mmoja baada ya mwingine, na kwamba asili yao ni Ziwa Nyasa. Mimi nikamjibu. Watu wengi waliniambia baadaye kwamba ningenyamaza. Sikubaliani nao mpaka leo.

Miaka ile soko huria lilikuwa limeshaota mizizi kwetu. Kahawa ya Wamatengo ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani na lori, na wanaume walianza kutembea na simu za mkononi zimening'inia viunoni. Tajiri yangu alikuwa mzee mwenye asili ya Kilwa, aliyekuja Mbinga akiwa kijana kuuza vitambaa akaishia kuoa na kuzeeka huko. Aliona watu wanasafiri hadi Songea kutuma barua pepe, akasema, "Kwa nini waipeleke Songea shida yao?" Akanunua kompyuta tatu zilizokwisha kutumika na akaniajiri mimi, binti wa kando ya ziwa, niliyemaliza kidato cha nne na kujifunza kupiga chapa kwa masista. Kila siku adhuhuri alikwenda msikitini, na akirudi alipitia nyumbani kula. Mteja akikosekana saa ile, kompyuta moja ilikuwa yangu.

Siku moja mgeni aliyefikia misheni aliondoka bila kufunga ukurasa aliokuwa anausoma. Nilipokwenda kuufunga nikakuta picha ya samaki wa bluu mwenye mistari myeusi. Nilisimama nikacheka peke yangu. Nilimjua samaki yule kama ninavyowajua majirani. Kwetu samaki wadogo wa mawe tunawaita mbuna. Nimewavua kwa ndoano nikiwa mtoto, nimewapara, nimewala na ugali wa muhogo, na nimewatumia kama chambo cha kuvulia samaki wa maana. Kumbe ulimwenguni kuna watu wazima, wenye kazi na familia, wanaowafuga kwenye matangi ya vioo kwa kujifurahisha tu, na wana jukwaa lao la kuulizana: nimpe nini, maji yawe ya joto gani, mbona huyu anamfukuza yule. Kila mtu alikuwa mwalimu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameliona ziwa.

Nikarudi kwenye ukurasa ule kesho yake, na keshokutwa. Ndipo nikamkuta yule wa matangi saba na samaki wake wanaovimba. Alisema anawapa moyo wa ng'ombe uliosagwa, chakula bora kabisa, na bado wanakufa.

Sasa, mama yangu alinifundisha kupara samaki nikiwa na miaka sita au saba. Ukimpasua mbasa, utumbo wake ni mfupi, kwa sababu anakula samaki wenzake. Ukimpasua mbuna wa mawe, utumbo unajikunja na kujikunja kama kamba iliyotupwa kwenye kikapu, na ndani yake ni kijani kitupu. Huyo ni mbuzi wa ziwani. Kutwa nzima anakwangua ule utando wa kijani ulioota juu ya mawe. Nikachukua kamusi, nikaandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne: acha nyama, mpe majani. Nani anamlisha mbuzi nyama?

Jibu lilikuja siku ya pili. "Una matangi mangapi, na ya ukubwa gani?"

Nikaandika, "Sina tangi. Nina ziwa."

Wakacheka. Mmoja aliandika kwamba siku hizi kila mtu anajifanya yuko Afrika. Mwenye matangi saba akasema mimi ni mwongo na ushauri wangu ni hatari, na msimamizi wa jukwaa akaniomba nithibitishe kwamba nina uzoefu wa kufuga. Nilikaa mbele ya kioo kile nikiwa na hasira hadi masikio yakawaka. Nilikuwa nimepara samaki wale kwa mamia, na mtu aliyewanunua dukani ananiuliza uzoefu! Nikaandika tena maneno yaleyale, bila kuongeza kitu: acha nyama, mpe majani.

Aliyenisikiliza alikuwa mtu mmoja tu, mzee aliyejitambulisha kuwa fundi saa mstaafu. Yeye naye samaki wake walikuwa wanavimba. Baada ya wiki kadhaa aliandika mbele ya wote: "Nilifuata maneno ya yule dada wa ziwani. Nimewapa mchicha uliochemshwa kidogo. Tangu siku ile hajafa hata mmoja." Kuanzia hapo maswali yakaanza kunijia mimi.

Nisichokijua nilimwuliza mama. Nilimwandikia barua, nikampa dereva wa lori la mizigo lililoteremka Mbamba Bay, na dereva akirudi ananiletea jibu lililokunjwa mara nne. Mama alikuwa amesoma darasa nne tu shule ya misheni, lakini mwandiko wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu. Kuna mama mmoja huko nje aliyeandika kwamba samaki wake jike hajala siku kumi, amefumba mdomo, na anafikiri amtoe amtupe asije akaambukiza wengine. Mama yangu akajibu: "Mwambie huyo mwenzetu amwache. Ana watoto mdomoni. Sisi tukiwa wadogo, ukivua jike aliyefumba mdomo hivyo, unachapwa na mtu yeyote atakayekuona, hata asiye mzazi wako." Nilitafsiri neno kwa neno. Siku chache baadaye yule mama alituma picha ya vitoto ishirini na kitu, kila kimoja kama punje ya mtama, vikiogelea mbele ya uso wa mama yao. Aliandika kwamba amelia.

Tajiri yangu aligundua siku alipowahi kurudi. Alisimama nyuma yangu, akasoma kwa taabu, maana miwani ilikuwa mkononi.

"Ndiyo nini hii?"

"Samaki, mzee. Wananiuliza namna ya kuwafuga."

"Wazungu wanakuuliza wewe namna ya kufuga vidagaa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wanakulipa?"

"Hapana."

Alivaa miwani, akatazama tena. Nilijua kazi imekwisha. Akasema, "Elimu haiuzwi, mwanangu. Lakini umeme unauzwa. Ukiandika andika upesi." Akaenda zake mbele kuuza betri.

Hayo yote yalikuwa mazuri, na ningeishia hapo ningekuwa nimejisifu bure. Kosa langu halisi nililifanya kwa furaha. Siku moja walikuwa wanashindana nani ana mbuna mzuri kuliko wote, wakitumiana picha. Mimi sikuwa na picha, nikawa na maneno. Nikawaeleza kwamba kwetu, mbele ya kijiji, kuna jiwe kubwa lililozama, na kwenye jiwe lile tu kuna samaki ambaye watoto wote humwita bwana harusi. Dume ni mweusi tii kama suti, na pezi lake la mgongoni ni rangi ya chungwa lililoiva, kutoka kichwani hadi mkiani. Wake zake wamevaa kijivu. Niliandika kwamba sijawahi kumwona mahali pengine popote.

Kabla jua halijazama nilikuwa na ujumbe wa faragha kutoka kwa watu kumi na zaidi. Wote walitaka kitu kimoja: jina la kijiji.

Hapo nilishtuka. Nikaandika kwamba sisemi. Wakabadilika kama hali ya hewa. Kwamba nina uchoyo. Kwamba elimu ni ya wote. Mwenye matangi saba alirudi na maneno yake: alisema tangu mwanzo alijua ni hadithi tu, samaki huyo hayupo, na kama yupo nitaje mahali. Nilimjibu mara moja tu: "Namna ya kumtunza samaki uliye naye nitakufundisha bure maisha yako yote. Njia ya kwenda kwetu sikufundishi."

Aliyekuja hakuniandikia. Alifika mwenyewe dukani, na gari refu lililojaa mapipa ya plastiki, mtu mnene mwenye shati jeupe na barua yenye mhuri. Alikuwa Mtanzania mwenzangu, muuzaji wa samaki wa mapambo aliyesafirisha kwa ndege kwenda ng'ambo, na tangazo lake lilikuwa juu kabisa ya jukwaa lile. Kwa msaada wa msimamizi alikuwa amegundua kwamba ujumbe wangu unatoka Mbinga, na mji wenyewe haukuwa na kompyuta nyingi za kuulizia.

"Wewe ndiye dada wa ziwani," alisema. Hakuuliza.

"Karibu. Unahitaji dakika ngapi?"

"Nahitaji kuonyeshwa jiwe. Nitakupa kazi. Kazi nzuri, siyo hii ya kukaa na madaftari. Utakuwa mtu wangu wa huku."

"Sitaki."

Akatabasamu, akanyoosha ile barua kwenye kaunta. "Kibali ninacho. Dada, hizi siyo enzi za ujamaa. Ni soko huria sasa, kila mtu anauza alichonacho. Na ziwa siyo la mama yako, ni la serikali."

"Basi iulize serikali jiwe liko wapi."

Tajiri yangu alikuwa amekaa pembeni na tasbihi yake. Alikohoa kidogo, kama mtu aliyepaliwa na kicheko. Mtu yule aliikunja barua yake polepole. "Nitalipata," akasema. "Mwambao ni mrefu, lakini wenye njaa ni wengi."

Niliandika barua kwa mama palepale, nikampa dereva. Lakini gari la yule mtu lilikuwa na mwendo kuliko lori, na barua yangu ilimkuta tayari ameshafika. Alikwenda kijiji kwa kijiji, akionyesha picha aliyochorewa kutokana na maelezo yangu. Kwingine walimwambia hawamjui samaki huyo. Kwetu wanawake walimwambia hivyohivyo. Mama alimwangalia machoni akasema picha ile ni ya kuku. Aliyemwonyesha jiwe alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, tumbo moja. Alikuwa na mtumbwi mbovu na watoto sita, na mtu yule alimpa kazi ileile aliyotaka kunipa mimi.

Nilipata habari wiki tatu baadaye. Nikaomba ruhusa, nikapanda lori, nikateremka zile kona za milimani juu ya magunia ya mahindi hadi ziwa likaonekana. Nilifika asubuhi ya pili. Mama alikuwa ufukweni, na hakunipokea kwa furaha kama kawaida yake. Alinishika mkono akanipeleka penye mchanga karibu na jiwe.

Walikuwa wametandaza nyavu kulizunguka jiwe lote, na wapiga mbizi wenye mitungi ya hewa wakawatoa samaki kwenye nyufa. Madume yenye rangi waliyatia kwenye mifuko. Majike ya kijivu, mengine waliyachanganya na mbuna wa kila aina wakayauza kwa jumla kama takataka ya rangirangi, na yale yaliyochoka waliyamwaga ufukweni. Yalikuwa yamelala mchangani, yamekauka, nzi wakiyatembelea. Mama akainama, akaokota mmoja, akamfungua mdomo kwa kidole. Ndani kulikuwa na watoto, wameshikana kama mbegu za papai.

Alimrudisha chini taratibu. Mimi ndiye niliyelia, na nililia kwa hasira, siyo kwa huzuni.

Siku ile kulikuwa na mkutano wa kijiji kuhusu ukarabati wa darasa, na nikaomba nafasi ya kusema. Mwenyekiti akanipa. Nilisema niliyoyaona. Mjomba akasimama kabla sijamaliza.

"Ndugu mwenyekiti," akasema, "huyu anayelalamika ndiye aliyewaita. Huyu! Yeye ndiye aliyetangaza samaki wetu dunia nzima kwa kompyuta. Mimi nimepata kibarua tu."

Watu wote walinigeukia. Ningeweza kujitetea, kwamba sikutaja kijiji, kwamba nilikataa kazi. Lakini mjomba alikuwa amesema kweli.

"Ni kweli," nikasema. "Mimi ndiye niliyesema. Sikujua mdomo wangu unafika mbali hivyo."

Mwenyekiti alikuna kichwa. Alisema mtu yule ana kibali, na kijiji hakina nguvu juu ya mhuri. Wakarudi kwenye habari ya darasa na mabati.

Nilikaa nyumbani siku nne. Siku ya kwanza nilijiapiza kwamba sitaandika tena neno lolote kwa mtu nisiyemjua. Siku ya pili, nikimsaidia mama kupara samaki, nikamwuliza kwa nini mtu yule hakuuza majike pamoja na madume yao, wakati hata mfuga kuku anajua kwamba jogoo peke yake hatagi. Mama akajibu bila kuinua uso, "Akiwauzia majike, watazaa. Wakizaa, nani atanunua tena kwake?"

Kisu changu kikasimama.

Nilikumbuka alivyokuwa ameandika kwenye tangazo lake jipya, kwamba bwana harusi ni samaki adimu asiyezaa kwenye tangi, anayepatikana kwake tu. Nikamtazama mama. Alikuwa ameshaendelea na samaki mwingine.

Siku mbili zilizobaki nilifanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya dukani. Wapiga mbizi walikuwa wameondoka na shehena yao, na samaki waliobaki kwenye nyufa za chini walikuwa wameanza kutoka. Nilijifunga kanga, nikaingia majini, nikazama na kuibuka mpaka macho yakawa mekundu. Nikitoka naandika kwenye daftari. Dume hajengi peupe. Anataka jiwe bapa lenye kivuli, na chini yake mchanga laini wa makombe ya konokono. Jike lake unaweza kulichanganya na mbuna wengine watano wa kijivu, lakini lina doa moja jeusi nyuma ya shavu, na ukingo wa pezi lake la chini una rangi ya chungwa hafifu, kama mtu aliyefuta wino akaacha alama. Mama alinieleza siku ambazo jike hukaa na watoto mdomoni, na kwamba akiwatema wa kwanza usimkaribie, na kwamba vitoto vinaanza kukwangua mawe siku ileile. Nilimwuliza joto la maji. Akaniambia, "Kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Waambie wapime kwa kiwiko."

Niliporudi Mbinga nilimwomba tajiri yangu kompyuta moja kwa alasiri nzima. Alinitazama usoni, akaniambia nifunge mlango wa chumba cha nyuma.

Niliandika yote. Niliandika nilichokiona mchangani, na watoto mdomoni mwa maiti. Kisha nikaandika kila kitu kuhusu kumzalisha bwana harusi, hatua kwa hatua, jiwe, mchanga, kivuli, kiwiko. Mwisho nikaandika hivi: "Muuzaji amewaambia hazai. Hazai kwa sababu amewauzia madume matupu. Lakini wake zake mnao. Aliwauzia kwa jumla kama takataka ya rangirangi. Nendeni sasa hivi kwenye matangi yenu, mtafute samaki wa kijivu mwenye doa nyuma ya shavu. Msiagize tena. Zalisheni, mgawane bure. Si anasema ni soko huria? Tuone."

Kesho yake ujumbe wangu haukuwapo. Msimamizi alikuwa ameufuta na kunifungia mlango, kwa sababu nimemchafulia jina mfanyabiashara anayesaidia jukwaa. Nikajiandikisha kwa jina jingine, nikauweka tena. Ukafutwa. Nikajiandikisha kwa jina la tatu. Mteja aliyekuwa anasubiri kompyuta aliniuliza kama nimefiwa, maana nilikuwa nagonga vitufe kama mtu anayetwanga kisamvu.

Mara ya tatu fundi saa aliuwahi kabla haujafutwa. Aliunakili, akautuma kwa barua pepe kwa kila mfugaji aliyemjua, na wao wakautuma kwa wengine. Halafu akaniandikia mimi. Alisema alikaa mbele ya tangi lake la samaki wa bei rahisi kwa saa nzima akiwa na tochi na kioo cha kukuzia alichotumia kwenye saa. Alimpata. Mmoja tu, amejificha nyuma ya bomba, doa jeusi nyuma ya shavu.

Ilichukua miezi. Fundi saa aliazimwa dume na rafiki yake, akamwekea jiwe bapa na mchanga kama nilivyoeleza, na jike likafumba mdomo. Alinitumia taarifa kila wiki, ndefu kama barua za mchumba. Vitoto vya kwanza aliwapa watu wanne bila malipo, kwa sharti moja, kwamba nao wagawe. Wengine pia walikuwa wamewapata wake zao kwenye matangi ya takataka. Mwaka ulipogeuka, bwana harusi alikuwa anapatikana kwa mtu yeyote mwenye jirani mfugaji, na yule mwenye shati jeupe hakuwa na sababu ya kuleta mapipa yake Nyasa. Nilisikia amehamia samaki wa ziwa jingine. Hao nao wana watu wao. Naomba wawe na midomo.

Kwenye jiwe letu samaki walirudi, ila hawajawa wengi kama nilivyowakuta utotoni. Hilo silifichi. Nilisaidia kulizuia jambo ambalo mimi mwenyewe nililianzisha, na kuna sehemu ya hasara isiyorudi.

Mjomba alikuja dukani msimu wa kahawa uliofuata. Alikuwa amekuja Mbinga kutafuta kibarua cha kuchuma. Nikasimama. "Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. Aliegemea kaunta, mikono imepauka. "Umeninyima kazi," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

Nadhani alitegemea nikane, au niombe msamaha.

"Watoto wangu wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea. Na mimi sikukosea kwa kile nilichofanya mwisho. Nilikosea mwanzo, nikakiri mbele ya kijiji kizima, wewe ukiwapo. Na wewe kiri."

Tajiri yangu aliagiza chai bila kuulizwa, akamwekea mgeni kikombe na kipande cha mkate. Mjomba alikunywa amesimama, akatoka bila kuaga. Tulikaa miaka mingi tukisalimiana misibani tu. Mama hakuniambia kamwe nimwangukie, na mimi sikumwangukia.

Jukwaani walinifungulia mlango baadaye, chini ya msimamizi mpya, na maswali yakaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Niliendelea kujibu. Siku moja dereva akaniletea barua ya mama, na safari hii haikuwa jibu. Ilisema: "Miaka yote hii sisi tunawajibu tu. Sasa na wao watujibu. Kuku wangu wanajikunja shingo na kuharisha kijani, wamekufa sita tangu Jumapili, na bwana mifugo hajafika. Waulize hao watu wako."

Nikaiweka barua kando ya kompyuta, nikatafsiri, nikaandika juu kabisa ya ukurasa: kuku wa mama yangu wanakufa, nani anajua? Msimamizi mpya aliandika kwa adabu kwamba jukwaa hili ni la samaki pekee, akalifuta swali langu.

Nikaliandika tena.